Tairi la Kuchonga

Kisigino alitoka kwenye duka la matairi akiwa amenuna kuliko alivyoingia, na alikuwa ameingia amenuna. Kila duka alilokanyaga mjini aliulizwa swali lile lile, anataka la bei gani, na kila alipojibu kwamba anataka tairi lisiloteleza kwenye lami yenye maji, muuzaji alimkodolea macho kana kwamba ameagiza mvua isiyolowanisha.

Haikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho, jamani. Pikipiki ina magurudumu mawili, la mbele na la nyuma. Unanunua matairi, unafungiwa, unaenda kazini, unarudi nyumbani. Watu hufanya hivyo kila uchao bila kupandwa na presha. Lakini Kisigino alikuwa na sababu ya kupandwa na presha, na sababu yenyewe aliipita barabarani kila asubuhi, ikitembea kwa miguu na mkono mmoja umefungwa bandeji.

Sababu hiyo ilikuwa mkewe.

Wote wawili walifanya kazi upande mmoja wa mji. Mkewe alikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka na foronya. Yeye alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa mbele kidogo ya lango la hospitali hiyo. Jina la Kisigino alipewa na wateja, kwa sababu hata ukimpelekea kiatu kilichopasuka mdomo, yeye lazima aanze kukagua kisigino. Miaka yote walikwenda kazini pamoja kwa pikipiki. Mkewe alianza kuzungumza kabla hawajatoka uani na hakunyamaza mpaka langoni. Alimsimulia ndoto, alimsengenya msimamizi wake, alimkumbusha bomba linalovuja, alicheka mwenyewe kabla hajamaliza kichekesho. Sikio la kushoto la Kisigino halikujua mapumziko. Aliwaambia wateja kwamba mwanamke yule atamfanya kiziwi. Sasa sikio lilikuwa limepumzika, na kimya hicho kilimuuma kuliko jino bovu.

Kosa lilikuwa lake, wala hakuna wa kusingiziwa. Tairi la nyuma lilikuwa limeisha, limebaki kipara kitupu. Mtu mwingine angenunua jipya. Kisigino alilitazama akaona soli. Kwake soli ikiisha mistari, unachukua kisu, unachonga mistari mingine, na mteja anaondoka anatabasamu. Basi akachukua kisu chake cha soli, kile chenye ncha iliyopinda, akalichonga tairi. Tena alilichonga vizuri, Mungu amsamehe. Alichonga mistari ya mshazari iliyokutana katikati, kila mmoja sawa na mwenzake, kingo safi, hakuna palipochanika. Tairi likapendeza kuliko lilivyotoka kiwandani. Jioni mkewe akapitisha kidole kwenye mistari ile, akamuuliza, "Umebadilisha tairi lini, mwenzangu?"

"Leo," akajibu Kisigino.

Neno moja tu. Angeweza kusema lolote jingine, lakini sifa zilikuwa zimeshamlevya, akameza ukweli na mate yake.

Mvua ya kwanza iliwakuta kwenye mzunguko wa barabara karibu na benki. Gurudumu la nyuma liliponyoka kama kipande cha sabuni, pikipiki ikalala, nao wakalala nayo. Kisigino hakupata hata mchubuko. Mkewe alitanguliza mkono, na mfupa wa kifundo cha mkono ukapata ufa. Hata hapo angesamehewa, maana kuanguka ni kuanguka. Lakini fundi pikipiki mwenye karakana jirani alikuja kuwasaidia kuinua chombo, akapiga magoti, akalitazama tairi, akaangua kicheko.

"Nani kalichonga hili? Njooni muone! Mtu kachonga mpaka nyuzi za ndani zinachungulia!"

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni, amekumbatia mkono wake. Alilitazama tairi, kisha akamtazama mumewe, naye Kisigino akaangalia viatu vya watu. Hapo hakuhitaji kukiri, uso ulikuwa umeshakiri wenyewe.

Fundi pikipiki alimfungia tairi kuukuu la kuazima ili asikose kwenda kazini, akamwambia atafute mapya mawili haraka, maana hata la mbele lilikuwa njiani kuwa kipara. Mkewe hakugomba. Laiti angegomba! Aliitundika kofia yake ngumu, yenye mkwaruzo wa lami ubavuni, kwenye msumari nyuma ya mlango, na asubuhi iliyofuata akatoka kwa miguu. Kisigino alimfuata, akapunguza mwendo pembeni yake, akamwambia, "Panda, nitakwenda polepole." Akajibiwa, "Tangulia tu, fundi."

Fundi! Hivyo ndivyo walivyomwita watu wa viatu. Nyumbani hakuwahi kuwa fundi, alikuwa "mwenzangu". Sasa ikawa fundi chai iko mezani, fundi mimi natoka, fundi zima taa. Kila akilisikia neno hilo, ilikuwa kama kupigwa kofi na mtu anayetabasamu.

Ndiyo maana alikuwa akizunguka madukani na roho juu. Aliamini kwamba akipata tairi la kweli, kofia itashuka kwenye msumari. Lakini hilo tairi la kweli ni lipi? Muuzaji wa kwanza alimsifia tairi gumu, akaligonga kwa ngumi. "Hili utazikwa nalo, mzee." Kisigino akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, likagoma kabisa. Soli za namna ile alizijua. Haziishi, kweli, lakini ukikanyaga sakafu yenye maji unakwenda kuuona uso wa mganga wa mifupa. Muuzaji wa pili akamletea tairi laini, eti linang'ang'ania lami kama kupe, na kwenye lile ukucha ulizama. Lingeng'ang'ania, ndiyo, na lingekuwa limekwisha kabla msimu wa mvua haujakwisha. Wa tatu akamtolea tairi jeusi, linang'aa kwa kupakwa mafuta. Kisigino akalikunja ubavu, na nyufa nyembamba zikajitokeza kama za kisigino cha mtu anayetembea peku.

"Hili limekaa muda gani hapa dukani?" akauliza.

"Mzee, unanunua tairi au unachumbia?" muuzaji akajibu, na wateja wengine wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Akatoka. Na kilichomkera zaidi hakikuwa kicheko kile. Zamani angekiamini kidole chake mwenyewe, kwa sababu maisha yake yote ameyapitisha kwenye mpira, gundi na ngozi. Sasa kila kidole kilipomwambia jambo, alikumbuka kwamba ni kidole hicho hicho kilichoshika kisu. Atamwamini nani? Wauzaji walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye mwenyewe alishajitia aibu.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, hakuwa na wasiwasi wa aina hiyo. Yeye aliuza pampu za maji mashambani, akipita kwenye njia ambazo hata ng'ombe huzifikiria mara mbili. Alifika mwisho wa wiki, mvua ikiwa imetoka kunyesha, akaegesha uani pikipiki yenye matairi ya meno makubwa.

"Shemeji, acha kuhangaika. Chukua kama haya. Kwa haya unapanda hata ukuta."

"Mimi siendi ukutani, shemeji. Naenda kazini."

"Jaribu kwanza! Unakataa chakula hujakionja?"

Kisigino akajaribu, kwa heshima ya ukoo. Uani kwenye tope pikipiki ilikwenda kama imebandikwa. Alipoingia kwenye lami iliyolowa, ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na kwenye kona alihisi meno yale yakicheza chini yake, mpira ukienda huku na barabara kule. Akageuza, akarudi uani.

"Ni mazuri," akasema kwa upole wote aliokuwa nao, "lakini ni ya matope. Lami ikilowa yanagusa kwa ncha tu. Mimi tope sipiti."

Shemeji akakunja uso. Alikuwa mtu mwema, lakini ukimkatalia ushauri ni kama umemkatalia salamu. "Sawa. Umemwangusha dada yangu kwa kisu cha viatu, leo wewe ndiye wa kunifundisha matairi."

Hakuna aliyekuwa amelisema jambo lile waziwazi, hata mara moja, na sasa limesemwa, tena kwa sauti ya kusikika jikoni. Kisigino akasubiri. Alisubiri mkewe aseme neno, hata la kumlaumu, mradi liwe lake. Kifuniko cha sufuria kikagonga sakafu.

"Kaka," sauti ikatoka dirishani, "kunywa chai yako, inapoa."

Basi. Hakumtetea wala hakumshtaki. Kisigino alitamani ardhi ipasuke immeze, na pikipiki zote mbili zimfuate.

Jumatatu alifunga kibanda mapema, akaenda kwenye duka la mwisho ambalo hakuwa ameliingia. Hakuliingia kwa sababu mwenye duka alisifika kwa ukali. Alikuwa mama wa makamo, sauti imekwaruza, ameketi juu ya rundo la matairi akibandua karatasi za kiwandani. Hakumkaribisha.

"Sema unachotaka. Leo nafunga mapema."

Kisigino akalipuka. Yote yaliyomkaa kifuani yakatoka kwa mkupuo mmoja. "Mama, nataka matairi ya kwenda kazini! Barabara ni ile ile, ya lami. Mvua ikinyesha naipita, jua likiwaka naipita. Sipandi milima, sishindani na mtu. Sitaki la kuzikwa nalo, sitaki la kupanda ukuta. Nataka nifike na nirudi, basi! Hilo ni jambo la kuzunguka mji mzima?"

Yule mama hakushtuka. "Unabeba mzigo?"

"Nambeba mke wangu." Akasita. "Yaani, nilikuwa nambeba."

"Mnene?"

"Mama!"

"Tairi linabeba uzito, halibebi heshima. Nijibu."

"Wa kiasi," akasema Kisigino, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule, kicheko kikamponyoka.

Mama akatoka nje, akasoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi ya pikipiki yake, akamwonya asithubutu kudanganywa aweke pana zaidi, litakuja kusuguana na mnyororo. Akarudi na matairi mawili. La mbele lilikuwa na mifereji iliyonyooka, la nyuma lilikuwa na mifereji iliyokwenda pembeni ili maji yapate pa kutokea. Kisigino akaweka ukucha kwenye la nyuma. Haukugoma wala haukuzama. Akalikunja, hakuona ufa. Akalinusa, likamnukia mpira mpya.

"Hayana maajabu," mama akasema. "Hayatadumu milele, na hayatakufanya bingwa wa chochote. Ni ya kwenda kazini."

Angekuwa mtu wa kukumbatia watu, angemkumbatia. Aliyafunga matairi nyuma ya pikipiki, akaenda karakana akipiga mluzi, akijiona kama mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa. Fundi pikipiki, yule yule mwenye kicheko, akayavua ya zamani, akayavalisha mapya, akahakikisha mshale uliochorwa ubavuni unaelekea upande gurudumu linakozungukia, akajaza upepo. Kisha akajifuta mikono, na akasema maneno yaliyokatisha mluzi.

"Sasa usikilize. Mpira mpya una utelezi wa kiwandani. Juu yake kuna ngozi nyororo, lazima ikwanguke. Siku hizi za mwanzo nenda polepole, usilalie kona, usishike breki kwa ghafla. Na usipakie mtu."

"Usipakie nini?"

"Mtu. Mkeo mwache kwanza, mpaka ngozi itoke."

Kisigino alitaka kulia. Amezunguka mji mzima, amechekwa, amegombana na shemeji, amepata matairi ya kweli, na sasa anaambiwa matairi ya kweli nayo yanateleza! Kibaya zaidi, alijua kwamba ni kweli. Yeye mwenyewe, kila akimkabidhi mteja kiatu chenye soli mpya, humwambia akaisugue kwanza kwenye sakafu ya nje kabla hajapita kwenye vigae. Ameyasema maneno yale mpaka yamemchosha ulimi, na hayakumjia hata kidogo alipokuwa akinusa mpira dukani.

Akarudi kibandani, jua likiwa bado halijazama, akaketi kwenye stuli akayatazama. Mkononi, bila kujua ameushika saa ngapi, alikuwa na msasa.

Msasa wa soli. Kazi yake ni hiyo hiyo, kukwangua ngozi nyororo ili mpira ushike. Angesugua kidogo tu, nusu saa, na asubuhi mkewe angepanda. Nani angejua? Akapiga magoti. Akaugusisha msasa kwenye tairi la nyuma, palepale zilipoota zile nywele ndogo za mpira ambazo huwa kwenye tairi jipya. Wazo lilikuwa zuri. Na lile la kisu nalo lilikuwa zuri, tena zuri sana, na mistari ilipendeza. Akabaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Mwisho akautupa msasa ndani ya kisanduku, akakifunga kwa hasira, hasira za kujijua mwenyewe.

Asubuhi alipotoka uani, mkewe alikuwa ameshatangulia. Amesimama kando ya pikipiki, anayatazama matairi. Na mkononi, ule mzima, alikuwa ameshika kofia. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.

Moyo wa Kisigino uliruka, kisha ukaanguka palepale. Siku zote hizi ameisubiri kofia ile, na imeshuka leo, leo hii!

"Nimeona umeweka," mkewe akasema.

"Nimeweka."

Akainama, akapitisha kidole kwenye mfereji wa tairi la nyuma, vilevile kama siku ile. "Hili hukulichonga?"

"Sijaligusa."

Akaivaa kofia. Kwa mkono mmoja akaanza kuhangaika na mkanda wa kidevuni. Kisigino alipaswa kumsaidia, na mikono yake ikamgomea. Ilimbidi aseme, na ilimbidi aseme sasa, na hakuna jambo alilolichukia maishani kama lile.

"Leo usipande."

Mkewe akaacha mkanda.

"Matairi ni mazuri. Lakini ni mapya, na mpira mpya unateleza mpaka ngozi yake ikwanguke. Ni siku chache tu. Fundi kasema nisimpakie mtu. Nilitaka…" Akaushika usukani. "Jana nilitaka kuyapiga msasa ili uwahi kupanda. Sikuyapiga. Basi, leo usipande. Nisamehe."

Mkewe alimtazama. Kisigino safari hii hakuangalia viatu.

"Ungeninyamazia tu," mkewe akasema polepole, "nisingejua."

"Usingejua."

"Ningepanda."

"Najua. Ungepanda."

Akaivua kofia. Kisigino akajua mambo yamekwisha, inarudi msumarini. Lakini mkewe hakuelekea mlangoni. Aliiweka kofia juu ya kiti cha nyuma, kiti chake, akavuta kamba ya mpira ya kufungia mizigo, akaanza kuikaza kwa mkono wake mmoja. Kisigino akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache," akasema. "Sitaki ianguke njiani, na ufundi wako naujua." Akaikaza, akaitikisa, ikakaa. "Haya, nenda kayakwangue hayo matairi yako. Mimi natembea. Miguu hii haitadumu milele, mwenzangu."

Kisigino akawasha pikipiki haraka, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Alikwenda kinyonga kinyonga mpaka hospitali, akapita kibanda chake bila kukifungua, akazunguka ukuta wa hospitali, akarudi langoni, akazunguka tena. Wateja wawili waliokuwa wakingoja viatu vyao walimpungia, akawapita. Alipolizunguka jengo mara nyingine, mkewe alikuwa ameshaingia kazini, amesimama kwenye dirisha la chumba cha kufulia na rundo la foronya begani, wenzake wamejazana nyuma yake wakicheka na kuuliza mumewe amepotelewa na nini.

Kisigino akapunguza mwendo. Mkewe akainua mkono wenye bandeji, akauzungusha hewani mara moja, kumwambia azunguke tena.

Akazunguka tena.